Sentensi ya Darasa la Tano

Siku niliyowafundisha kidato cha kwanza neno *onto*, nilitumia dasta. Shule yetu ya kutwa pale Katelembo, nje kidogo ya mji wa Machakos, ilikuwa na vitabu vinne vya Kiingereza kwa wanafunzi arubaini na zaidi, na mimi nilikuwa mwalimu wa bodi, yaani yule anayeajiriwa na wazazi wakati wanasubiri serikali ikumbuke kumleta wa kwake. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia. Somo hilo nililiandaa kwa siku tatu, ingawa mwalimu mwingine angeliandaa huku akinywa chai.

Niliweka dasta mezani. Wakasema wote kwa pamoja, "The duster is on the table." Nikaichukua, nikaenda nayo mpaka mlangoni, nikairusha. Ikatua mezani, vumbi la chaki likafuka. Nikawaambia kwamba hapa Kiingereza kinapenda neno lingine, kwa sababu dasta ilikuwa mahali pengine, ikasafiri, ikafika juu ya meza. Neno la kwanza, *on*, ni la kitu ambacho kimekwisha kutulia. La pili ni la kitu kilicho njiani kuelekea juu ya kitu kingine. Sisi hatuioni haja yake kwa sababu kwetu kitendo chenyewe hubeba mwendo. Ukisema mtu amekanyaga mkeka, au kuku ametua paani, hakuna atakayekuuliza alikuwa wapi kabla ya hapo.

"Lakini mwalimu," akasema kijana mmoja mcheshi, "nikisema *he jumped on the table*, nimekosa?"

Nikamwambia hajakosa, ila msikilizaji anaweza kudhani mtu huyo alikuwa juu ya meza tangu mwanzo, akawa anarukaruka hapo hapo kama kichaa. Darasa likacheka. Kijana akataka kupanda dawati atuonyeshe yule kichaa, nikamkataza. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Nakumbuka nilianza kujiambia kwamba mambo yanakwenda vizuri, na hiyo ni dalili mbaya kwangu siku zote.

Nikaomba mifano. Msichana wa dawati la nyuma, aliyekuja kwetu kutoka upande wa Mwala na ambaye hakuwa amesema lolote tangu muhula uanze, akanyoosha mkono. Akasimama na kusema, kwa ile sauti ya kupanda na kushuka ambayo watoto hujifunza wakiimba kitu pamoja kwa miaka mingi:

"Do not step onto the lid."

Nikamuuliza ameitoa wapi sentensi hiyo.

"Ni ya shule yetu ya msingi, mwalimu. Iko kwa ukuta wa darasa la tano. Imeandikwa na rangi."

"Nani aliiandika?"

"Hatujui. Tuliipata tu hapo."

Nikamwambia ni sahihi, akae. Sikuiandika ubaoni. Niliandika nyingine kuhusu paka na kiti, kisha nikawapa zoezi na kukaa nikitazama dirishani mpaka kengele ilipolia. Sentensi ile ilikuwa yangu. Niliitunga nikiwa na umri wa miaka kumi na moja, na ilikuwa ya uongo.

Shule yenyewe ilikuwa kwenye nyanda kavu za Mwala, majengo mawili marefu yenye paa la mabati na uwanja wa vumbi jekundu kati yake. Kandokando ya darasa la tano palikuwa na tangi la mawe la kukusanyia maji ya mvua. Nusu yake ilikuwa imezama ardhini na nusu imetokeza, kwa hiyo mtoto aliweza kupanda juu yake kwa kukanyaga jiwe moja lililochomoza. Juu lilikuwa na sakafu ya saruji, na katikati ya sakafu hiyo tundu la mraba, ambalo lilifunikwa kwa kifuniko cha mbao zilizopigiliwa bati.

Mwaka huo haukuwa na mvua. Tangi lilikauka kabla ya muhula wa pili, tukawa tunakuja shuleni kila mmoja na kibuyu au kidumu cha maji tuliyoyachota kwenye mchanga wa mto. Mchwa hawakujali ukame. Walipanda ukutani, wakaingia kwenye mbao za kifuniko chini ya bati, wakala. Kwa nje hukuona kitu. Mimi nilijua kwa sababu siku moja kabla, nikiwa peke yangu, nilipanda kutupa kijiwe ndani nisikie kama kuna maji. Nilipoegemea kifuniko kwa kiganja, kilididimia na unga wa mbao ukamwagika ndani. Nilikipenyeza kijiwe pembeni; kilichukua muda, kisha kikagonga mwamba mkavu. Nikashuka. Sikumwambia mtu, na wakati huo haikuwa dhambi, ilikuwa usahaulifu tu.

Sasa nieleze diski, maana bila hiyo hakuna kinachoeleweka. Ilikuwa kipande cha mbao cha ukubwa wa kiganja, kimetobolewa na kutiwa kamba ya mkonge. Asubuhi mwalimu wa zamu alimvisha shingoni mtoto wa kwanza aliyemsikia akisema Kikamba. Huyo alitembea nayo mpaka amnase mwingine akisema Kikamba mbele ya shahidi, akamvisha. Huyo naye akaanza kuwinda. Aliyekuwa nayo jioni kengele ikilia alichapwa viboko vinne mbele ya gwaride na kubaki kuosha vyoo. Shule nyingi zilikuwa na kitu kama hicho, na watu wa rika langu wakikutana hukumbushana na kucheka. Mimi pia hucheka.

Kitu ambacho hatukitaji tunapocheka ni ule ukimya. Wakati wa mapumziko uwanja wetu, wenye watoto mia tatu, ulikuwa kimya. Tulicheza mpira kwa ishara za mikono. Aliyepigwa teke alijishika mguu na kufungua mdomo bila kutoa sauti. Kiingereza hatukuwa nacho cha kutosha kucheza, na Kikamba kilikuwa mtego. Wageni walitusifu kwa nidhamu.

Msichana niliyekaa naye dawati moja ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Hakuwahi kuvaa diski hata mara moja. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kupanda miti, na alikuwa amejitengenezea lugha nzima ya nyusi na vidole ambayo mimi, jirani yake, ndiye niliyeijua kuliko wengine. Nyusi moja juu ilikuwa swali. Mbili zilikuwa "mwalimu anakuja". Kwa vidole vyake alinifanya nicheke mpaka machozi, naye asitoe hata mguno. Walikuwepo waliomchukia kwa hilo. Mimi nilimpenda, kama mtoto wa miaka kumi na moja anavyompenda mtu anayempa nusu ya kiazi chake.

Wiki hiyo diski ilikuwa imelala kwangu siku mbili mfululizo. Siku ya tatu nilijikwaa langoni, nikaita mama, *mwaitu*, kabla hata sijaingia vizuri, na mwalimu wa zamu alikuwa amesimama pale pale. Mapaja yangu yalikuwa bado yana michirizi. Asubuhi hiyo somo la Kiingereza lilikuwa *on* na *onto*, na mwalimu mkuu mwenyewe ndiye aliyelifundisha, mtu mrefu, mkali, asiye mwovu, ambaye mikono ya koti lake ilikuwa myeupe kwa chaki. Nilikaa nayo shingoni na kurudia pamoja na wengine: *onto the chair, onto the roof, onto the wall.*

Wakati wa mapumziko, mpira wetu wa karatasi za nailoni na kamba za mkonge uliruka ukatua juu ya tangi. Ukakaa upande wa pili wa kifuniko. Ukitaka kuufikia ungeweza kuzunguka kwa kubana mwili ukingoni, au ungeweza kukatiza katikati. Watoto walinyoosha vidole kumwonyesha jirani yangu, maana yeye ndiye mpandaji. Mimi nilikuwa karibu zaidi, hatua sita labda. Nimezihesabu mara nyingi.

Alikanyaga lile jiwe, akapanda, akasimama kwenye sakafu ya saruji. Akatazama kifuniko. Kisha akageuka, akanitazama mimi, akainua nyusi moja.

Nilijua kwamba kimeoza. Nataka kuliandika hili waziwazi kwa sababu nimelizungusha kwa miaka. Nilijua. Na katika ule muda ambao nyusi yake ilikuwa juu, kilichopita kichwani mwangu ni hesabu: mguu wake utazama mpaka goti, atashtuka, na mtu akishtuka hulia kwa lugha ya mama yake. Watoto wote hawa ni mashahidi. Nitamvisha mimi, yule ambaye hajawahi kunaswa, na jioni nitakwenda nyumbani. Mkono wangu ulikuwa tayari umeitoa kamba kichwani.

Sikutikisa kichwa. Hicho tu kingetosha. Hakikuhitaji lugha yoyote.

Akapiga hatua. Mbao hazikupasuka kwa kishindo kama unavyofikiri, zilifanya sauti ya mkate mkavu. Bati likainama, na yeye akapotea mzima mzima. Na hakulia. Hapo ndipo hesabu yangu iliposhindwa. Alianguka bila kutoa neno, kama tulivyofundishwa, na mimi nilibaki nimesimama na diski mkononi nikisikiliza kwenye tundu, nikisubiri neno moja la Kikamba litoke humo ndani. Halikutoka. Nilipotambua nilikuwa nikisubiri nini, niliivaa tena upesi kabla mtu hajaniona.

Walimu walileta ngazi. Alitolewa akiwa amefungwa kwenye ubao wa dawati, mguu ukielekea upande usio wake. Macho yalikuwa wazi. Mwalimu mkuu alitukusanya akauliza, kwa Kiingereza, nani aliyekuwa karibu. Wote wakanitazama. Akauliza nilimwona akipanda? Nikasema ndiyo. Nilimwambia lolote? Na kinywa changu, ambacho hakijawahi kutunga sentensi nzima ya Kiingereza bila kigugumizi, kikafunguka: "I told her, sir. I told her, do not step onto the lid."

Alinitazama muda mrefu. Nilidhani amejua. Kumbe alikuwa ameguswa. Aliniweka mbele ya gwaride akasema kwamba hata katika hatari mtoto huyu hakusahau lugha, na wala hakusema *on*, alisema *onto*, kwa sababu msichana alikuwa bado hajakanyaga. Akaivua diski shingoni mwangu kwa mikono yake miwili, kama mtu anayemvisha mwingine nishani, ila kinyume. Wakanipigia makofi.

Nikaenda nyumbani.

Yeye alikaa hospitalini mjini miezi kadhaa. Nyonga ilivunjika na mguu ukapona ukiwa mfupi. Aliporudi, mwalimu mkuu alikuwa ameshaweka kifuniko cha saruji na kuiandika sentensi yangu kwa rangi nyekundu ndani ya darasa la tano, iwe onyo na somo kwa pamoja. Sababu ya ajali ilikuwa imeshaamuliwa: mwenzake alimwonya kwa Kiingereza kizuri, yeye hakuelewa. Watoto wakampa jina. Maana ukikanyaga *onto*, ukaporomoka, unakwenda *into*. Walimwita Into. Walimwita kwa sauti, kwa sababu jina hilo halikuwa Kikamba na hakuna aliyeweza kunaswa kwa kulisema. Alisoma muhula mmoja na nusu, kisha hakuja tena. Ni mbali kutembea na mguu huo, watu walisema.

Nilipofika chuo kikuu nilikuwa nimeshapata toleo ambalo ningeweza kulala nalo. Nilijiambia kwamba wakati ule nilikuwa natafuta neno. Kwamba Kikamba nilikiogopa, Kiingereza sikukiweza, na neno dogo la katikati lilinichelewesha. Ni toleo zuri. Niliwahi hata kuliandikia insha, kuhusu lugha na madhara ya adhabu, nikapata alama za juu, na mhadhiri akasema insha imemgusa. Nilikwenda nayo chooni nikaichana, halafu nikajiuliza siku nzima kama kuichana kulikuwa ni toba au ni maigizo tu.

Nilijua alipo yule jirani yangu wa dawati. Machakos si mji mkubwa, na watu wa Mwala wanajuana. Alikuwa fundi wa kushona, cherehani yake iko kwenye baraza ya duka la vitambaa karibu na soko. Tangu nianze kazi Katelembo nilikuwa nikinunua hata wembe kwa kuzunguka barabara ya juu. Baada ya somo lile la dasta niliendelea kuzunguka kwa wiki tatu zaidi. Kisha Jumamosi moja asubuhi niligundua kwamba nimeichukua suruali yenye pindo lililofumuka, nimeiweka kwenye mfuko, na ninashuka barabara ya chini.

Alikuwa anashona sare za shule. Alinenepa kidogo, leso imefungwa kiunoni, kipande cha chaki ya nguo nyuma ya sikio. Aliinua macho.

"Wewe," akasema. "Nilisikia umerudi. Wanasema siku hizi ni mwalimu wa digrii."

"Ni digrii tu."

"Ni digrii tu!" Akamgeukia mwenye duka, mama Mwislamu wa familia iliyotoka Pwani, aliyekuwa akikunja vitambaa mlangoni. "Mama, umesikia huyu? Ni digrii tu. Kama anaongea juu ya nyanya."

"Mwambie aketi basi," akasema yule mama. "Mbona wasimama kama askari wa chifu, mwalimu? Kiti hicho hapo."

Niliketi. Mwenzangu akanitikisia kidole.

"Si huko. Hama, kaa huku kulia. Hili sikio lingine halina kazi."

Nikamuuliza limefanya nini.

"Si unajua? Wewe ndio unafaa kujua zaidi." Alisema bila uchungu, akipitisha uzi kwenye tundu la sindano. "Siku ile ya tangi. Uliniambia na sikusikia. Hatua ngapi? Tano, sita? Mtu wa masikio mazima hawezi kukosa kusikia kutoka hapo. Mama yangu akasema basi ni sikio, lazima lilikuwa bovu tangu zamani na hatukujua. Alinitia mafuta ya moto mwaka mzima."

"Daktari je?"

"Daktari aliangalia mguu. Sikio ni nani angeuliza?" Akageuza kichwa, akaniletea sikio la kulia kama mtu anayekuletea kikombe umjazie. "Nimezoea. Mteja akija, namweka huku. Kanisani nakaa mwisho wa benchi. Hata kwa simu ya jamii natumia hili. Ongea, nakusikia."

Nilitoa suruali. Akaipindua, akatazama pindo, akasema ni kazi ya dakika tano, kwa nini mwalimu wa digrii hajui kushika sindano? Kisha akaiweka chini, akasogea.

"Lakini umekuja vizuri. Niko na swali na ukinicheka nitakutoboa na hii sindano."

"Sitacheka."

"Ile sentensi yako. Ya ukutani. Nilikaa nikiitazama muhula mzima, naijua kama jina langu. *Do not*, najua, ni usifanye. *Step*, ni hatua. *Lid*, kifuniko. Hiyo moja ya katikati ndio imenishinda. Mtoto wangu ataanza shule mwaka ujao. Ataniuliza."

Basi nikamfundisha. Sijui ningefanya nini kingine, mikono yangu ilifurahi kupata kazi. Nilichukua kifungo nikakiweka kwenye meza ya cherehani. Hiki kipo hapo, kimetulia. Nikakichukua, nikakipeleka mbali, nikakirudisha polepole angani mpaka kikagusa meza. Hiki kinakwenda kuwa hapo. Hiyo ndiyo tofauti. Alitazama vidole vyangu kwa makini, kama alivyokuwa akitazama zamani, nyusi zikicheza.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Safari hii akaushika mkono wangu ukiwa bado hewani, kifungo hakijafika.

"Hapa. Hapa ndio hilo neno liko?"

"Hapo."

"Kwa hivyo ukiniambia hivyo, mimi bado sijakanyaga."

"Bado."

"Bado naweza kurudi."

"Ndiyo," nikasema.

Aliuachilia mkono wangu akatikisa kichwa, akicheka kidogo. "Si ningesikia tu. Lo. Hilo sikio, hilo."

Nikaanza. Nilisema nina jambo la kumwambia kuhusu siku ile, na hata nilipokuwa nikisema nilisikia toleo la chuo likijipanga kinywani. Nikamwambia kwamba huenda sikusema kwa sauti. Kwamba nilikuwa na diski, niliogopa Kikamba, na nilikuwa natafuta neno la Kiingereza, na neno lilichelewa.

Alifikiria. Kisha uso wake ukalainika, na hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote.

"Mwana wa mwaitu," akasema, "sote tulikuwa hivyo. Ile diski ilitufunga midomo. Usijiue na hiyo."

Alikuwa amenifungulia mlango. Ningeweza kuinuka, nichukue suruali yangu na msamaha wangu nirudi Katelembo. Nilikaa pale nikilitazama sikio lake la kulia, lililoelekezwa kwangu kwa uangalifu.

"Sikuwa natafuta neno," nikasema. "Nilikuwa nimekiona kifuniko siku moja kabla yake. Nilijua kimeoza. Ulinitazama, ukauliza, na mimi nikanyamaza kwa sababu nilitaka uzame kidogo, ulie, nikuvishe diski. Sikusema kitu. Si kwa Kiingereza wala kwa Kikamba. Ile sentensi niliitunga baadaye, mwalimu aliponiuliza."

Mama mwenye duka aliacha kukunja, akaingia ndani bila kuambiwa.

Mwenzangu aligeuzia uso nje. Alikuwa akitazama barabara. Mwuzaji wa makaa alipita na mkokoteni wa punda, akamsalimia, hakujibu.

"Inuka," akasema.

Nikainuka.

"Nenda pale kwa nguzo ya mwisho. Nyuma yangu. Upande wa kushoto."

Nikaenda. Zilikuwa hatua nane au tisa, zaidi ya zile za tangini. Barabarani kulikuwa na baiskeli za boda boda na mtu anayepigia debe viatu vya mitumba. Alikuwa amenipa mgongo, mikono miwili kwenye meza ya cherehani, kichwa kimenyooka mbele. Aliliziba sikio lake la kulia kwa kiganja.

"Sasa sema tena. Sauti ya kawaida. Usipige kelele."

"Sikusema kitu," nikasema.

Hakusogea.

"Ile ingine."

"Nilijua kimeoza."

"Ingine."

"Nilitaka ulie, nikuvishe."

Niliona mabega yake yakishuka. Aliutoa mkono sikioni, akautazama kiganjani kama aliyetarajia kukuta kitu. Akausafisha kwenye leso.

"Nimesikia," akasema. "Yote."

Nilitaka kurudi kwenye kiti, nikaona si changu tena. Nilisimama pale nguzoni. Nilisema samahani, na neno lilitoka dogo, la mtu aliyekukanyaga sokoni. Alikuwa ameshaichukua suruali yangu na kuanza kushona pindo, kwa kasi, mguu wake mzima ukikanyaga pedali na ule mwingine ukining'inia. Nilifikiri hataongea nami tena, na nilifikiri hiyo ni haki, na nilikuwa nimeanza kufikiri kama kuona hivyo ni haki ni njia nyingine ya kujipa nafuu, aliposema bila kugeuka:

"Mama yangu anaamini alinizaa na sikio bovu. Anaamini ni makosa yake, kuna homa alipata akiwa na mimi. Kila nikienda nyumbani ananishika hapa, anaomba."

"Nitamwandikia barua," nikasema.

"Barua!" Akakata uzi kwa meno. "Nani amsomee, mimi? Mimi sibebi hiyo. Kesho ni Jumapili, akitoka kanisani anakuwa nyumbani. Utaenda wewe, na miguu yako."

"Nimwambie nini?"

"Hivyo hivyo. Usiweke ile ya kutafuta neno. Na useme Kikamba."

Alinitupia suruali. Nikaidaka.

"Na ujue siku hizi mama ndiye hasikii," akasema. "Yeye kweli, masikio yote mawili. Itabidi usimame katikati ya boma na upige kelele. Majirani watatoka. Wacha watoke."